Jozi ya Mwisho

Mvua ile haikuwa mvua ya kubisha hodi. Iliingia asubuhi kama mgeni asiye na haya, ikajikalia, na hata alasiri ilikuwa bado inapiga bati la nyumba ya mapumziko mpaka watu waliokuwa ndani wakawa wanasemezana kwa kupaza sauti kama wanaogombana. Jiko la kuni pembeni lilitoa moshi mwingi na joto kidogo. Mabegi ya mgongoni yalikuwa yamepangwa ukutani, yakichuruzika maji kwenye sakafu ya mbao, na juu yake, kutoka msumari mmoja hadi mwingine, nguo mbichi zilikuwa zimeanikwa kama bendera za watu walioshindwa.

Inspekta alisukuma mlango kwa bega. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayejua kwamba atafika. Nyuma yake aliingia Koplo, akikanyaga kwa kelele ya majimaji.

"Afande, viatu vyangu vimekunywa maji kuliko mimi nilivyokunywa chai."

"Basi vitakojoa vyenyewe. Funga mlango."

Koplo hakufunga, kwa sababu alikuwapo mtu wa tatu, mama mmoja aliyeletwa nao kwenye gari la polisi kwa barabara ya juu isiyovuka mto, ameshika sweta kavu ya kijana, ameikumbatia kifuani isipate hata tone. Huyo alikuwa mama wa Kobe. Vijana walipomwona, maongezi yalikatika ghafla kama uzi.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kikundi cha vijana kilikuwa kwenye matembezi milimani, kila mmoja na begi lake mgongoni, kiongozi wao akiwa mbele. Asubuhi walipita msitu wa chini, wakavuka mto, wakapanda hadi nyumba hii. Walipofika na kuvua mabegi, mmoja hakuwepo. Aliyekosekana ni kijana mzito wa mwendo na mwepesi wa kucheka, ambaye wenzake walimwita Kobe. Watu wote waliapa kwamba mto alivuka. Kwa hiyo watafutaji wa vijiji vya jirani walikuwa huko nje, wakipekua kila kichaka kati ya mto na nyumba, na hawajaona hata alama ya kiatu.

Inspekta alitazama dirishani. Giza halikuwa mbali, na milima ile ikipoa haina huruma na mtu aliyelowa. Hakulisema hilo. Mama mwenye sweta alikuwa karibu mno.

"Kiongozi ni nani?"

Mwanamume mmoja mrefu alisimama. Kazi yake ilikuwa ualimu wa michezo, na filimbi ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake. Hakuwa na pa kuweka mikono.

"Ni mimi, afande."

"Ulijuaje kwamba alivuka?"

"Aliitikiwa, afande."

"Aliitikiwa, au aliitikia?"

Kiongozi akaishika filimbi yake. Akaeleza polepole. Kikundi chake kilitembea kwa jozi, wawili wawili, na kila jozi ilikuwa na jina lake. Yeye akiwa mbele hupiga kelele, "Jozi!" na jozi huitika moja baada ya nyingine, sauti moja kwa niaba ya wawili: Moto, tupo! Chumvi, tupo! Hivyo hivyo hadi ya mwisho, nayo ni Mwamba. Asiyemwona mwenzake husema "nipo," na hapo msafara wote husimama mpaka mwenzake afike.

"Kwa hiyo 'tupo' ni salama na 'nipo' ni hatari," alisema Inspekta.

"Ndivyo, afande. Tumefanya hivyo miaka yote. Haijawahi kutuangusha."

"Hata mguu huwa haujawahi kuvunjika, mpaka siku unavunjika. Pale mtoni Mwamba waliitikaje?"

"Tupo. Nimesikia kwa masikio yangu. Waulize wote."

Wakaitikia wote kwa vichwa. Tupo, ndiyo. Wamesikia.

"Mwenzake Kobe ni yupi?"

Hakukuwa na haja ya kuonyeshwa. Mama wa Kobe alikuwa ameshamwendea. Alikuwa kijana mwembamba, nadhifu hata katika hali ile, nywele amezichana, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Wenzake walimwita Kiranja, kwa kuwa tangu utotoni ndiye anayeshika funguo, ndiye anayeaminiwa na wakubwa. Mama yule alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake mzazi.

"Pole, baba," shangazi alimwambia, akimfunga blanketi vizuri. "Umelowa hivi na bado ulikuwa unamwangalia mwenzako. Usijilaumu, sawa? Usijilaumu."

Kiranja aliangalia sakafu.

Inspekta akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Nieleze."

Kiranja alieleza kwa sauti safi, kama mtu anayesoma darasani. Walifika mtoni wakiwa jozi ya mwisho. Yeye alivuka, Kobe akavuka nyuma yake. Maji yalikuwa ya magotini tu, hayajafurika bado. Wakapanda wote hadi kwenye mianzi. Hapo Kobe akasema anataka kujisaidia, mwenzake atangulie. Akatangulia. Hakumwona tena.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti la mvua. La kijani."

Inspekta aliinuka, akaanza kupita kando ya nguo zilizoanikwa, mikono nyuma, kama mnunuzi asiye na haraka. Akasimama. Akashika ukosi wa koti moja la kijani, akaugeuza. Ndani yake jina la Kobe lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito.

"Na hili je?"

Mama wa Kobe akatoa sauti ndogo.

"Nani alikuja na koti hili?"

Watu wakatazamana. Halafu msichana mmoja karibu na jiko akainua mkono nusu. Alikuwa Chiriku, na jina hilo hakulipata kwa kukaa kimya. Leo lakini mdomo ulikuwa umemkauka.

"Mimi, afande. Lakini—"

"Lakini nini? Mtu amepotea mvuani na koti lake unalo wewe."

"Alinipa! Langu lilichanika kwapani, akanipa lake, akasema yeye ana mafuta ya kutosha mwilini, baridi haitampata."

"Nani aliona?"

Chiriku akageuka kutafuta shahidi. Kila mtu alikuwa anatazama kitu kingine.

"Lete begi lako," alisema Inspekta. "Mwaga."

"Afande, mbele ya watu?"

"Mwaga."

Akamwaga. Soksi, kijiko, kanga iliyoloana, kitana, na nguo za ndani za msichana, mbichi, zikadondoka zikajitandaza sakafuni mbele ya wavulana. Wengine waligeuka upande. Mmoja akacheka kwa puani, akajuta. Chiriku alipiga magoti akazikusanya haraka haraka kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka bila sauti. Na chini kabisa ya begi likatoka koti la manjano, limechanika kwapani kuanzia mshono hadi kiunoni, vilevile kama alivyosema.

Inspekta aliliokota lile koti la manjano. Akalikunja mwenyewe. Akachuchumaa karibu na msichana na kumsaidia kuokota kitana.

"Nimekosea, binti," alisema, si kwa kunong'ona bali kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Nimekuaibisha mbele ya wenzako na huna kosa. Nisamehe."

Chiriku alifuta pua kwa kiganja. Kiganja kilikuwa cha buluu.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Kamba, afande," alisema Chiriku. "Kiongozi amenunua kamba mpya ya kuvukia mto, inachuja rangi vibaya mno. Hata mkate nimekula wa buluu."

"Nionyesheni viganja. Wote."

Wakanyoosha. Kila kiganja kilikuwa cha buluu, vidole na yote. Koplo alipita akiwaangalia kama mama anayekagua watoto kabla ya kula.

"Wote wamenawia ndoo moja, afande," alisema.

Inspekta hakucheka. Alimgeukia Kiongozi. "Mnavukaje na hiyo kamba?"

"Mimi natangulia, naifunga kwenye mti wa ng'ambo. Mwisho mwingine unabaki umefungwa upande tulikotoka. Wengine wanavuka wameishika kwa mikono. Wa mwisho kabisa ndiye anaifungua, anajifunga kiunoni, anavuka nayo."

"Wa mwisho tu ndiye anayejifunga?"

"Wa mwisho tu. Wengine wanashika."

"Na wewe wakati huo ulikuwa wapi? Ulimwona huyo wa mwisho akivuka?"

Kiongozi alitazama viganja vyake vya buluu. "Niliita jozi nikiwa ng'ambo. Nikasikia tupo zote. Watoto walikuwa wanatetemeka, nikawapandisha juu wapate joto. Sikungoja kuangalia."

Inspekta alirudi kwenye nguo zilizoanikwa. Safari hii alikwenda moja kwa moja. Akatungua shati jeupe, akalikunjua mbele ya dirisha mahali penye mwanga kidogo uliobaki. Kiunoni, kuzunguka mbele na nyuma, palikuwa na mstari mpana wa buluu.

"Shati la nani?"

Mvua ikapiga bati. Macho yana tabia ya kumsaliti mwenyewe, na macho ya chumba kile yalianza kwenda upande mmoja, upande wa blanketi.

"La kwangu, afande," alisema Kiranja.

"Umeniambia Kobe alivuka nyuma yako."

"Ndiyo. Yaani… nilimtanguliza. Nilimwambia apite mbele, kwa usalama. Nimechanganya."

"Mwanzo alikuwa nyuma, sasa yuko mbele. Mwanangu, kinachoweza kuwa mbele na nyuma kwa pamoja ni mkanda tu."

Shangazi alikuwa bado ameshika bega la Kiranja. Aliutazama mkono wake mwenyewe pale begani, kama hajui ni wa nani.

"Inukeni," alisema Inspekta. "Jipangeni mlivyokuwa mtoni. Kiongozi, simama pale mlangoni. Ita."

"Afande, hii ina maana gani sasa? Muda—"

"Muda ndio ninaoutafuta. Ita."

Wakajipanga, wawili wawili, miguu peku kwenye sakafu yenye maji. Kiranja alikuwa wa mwisho, na kando yake palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeikanyaga.

"Jozi!" aliita Kiongozi. Sauti haikuwa ya filimbi tena.

"Moto, tupo."

"Chumvi, tupo," alisema Chiriku.

Wito ukaja ukishuka mstarini mpaka ukafika mwisho. Hapo ukasimama. Kiranja alifungua mdomo, akaufunga.

"Sema ulivyosema pale," alisema Inspekta. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomvunja.

"Mwamba… tupo."

"Na ilikuwa useme nini?"

Akasema kwa sauti ndogo mno, Koplo ikabidi ainame kusikia. "Nipo."

Mkono wa shangazi ulikuwa umeshaondoka begani zamani.

"Ulimwona mara ya mwisho wapi? Haraka."

"Kwenye mti ulioanguka. Kabla ya mto, kwenye kona. Alikuwa anafunga kiatu. Alisema, nenda, nakuja."

Koplo alikuwa ameshatoa redio ya mkononi. "Watafutaji, sikieni, hakuvuka! Rudini mtoni, narudia, hakuvuka!" Redio ikakoroma, ikajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: wako ukingoni sasa hivi, maji yamefika kifuani na yanabeba magogo, hakuna binadamu wa kuvuka. Inspekta akaichukua. Akawaita askari wa msitu walioko lango la chini, pale vijana walipoanzia safari asubuhi. Akawaeleza kona, mti ulioanguka, ukingo wa upande wao. Wachukue mablanketi na machela. Waanze mtoni kurudi nyuma, si nyuma kwenda mtoni.

"Mchana kutwa tumetafuta ng'ambo isiyo yake," alisema Koplo, akifuta maji usoni.

Inspekta alimgeukia Kiranja. "Kwa nini?"

Kiranja hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. "Asubuhi nilisema nipo, tukasimama mvuani tukamngoja. Nikasema tena, tukasimama. Watu wakaguna. Nikasema tena. Kuna mtu akasema Kobe ana nyumba yake mgongoni, tumwache akalale humo."

Chiriku aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Wote wakacheka. Wakanicheka na mimi, eti nachunga kobe. Halafu…"

"Halafu?"

Kiranja alimtazama Kiongozi, akaondoa macho haraka, kwa adabu ile aliyofundishwa ya kutomshitaki mkubwa.

"Malizia, Mwalimu," Inspekta alimwambia Kiongozi. "Naona hii sehemu ni yako."

Kiongozi alivua filimbi shingoni. Akaitazama mkononi, hakujua aiweke wapi. "Nilisema sitaki kusikia 'nipo' nyingine leo. Nilikuwa natania." Mbele yake walikuwa vijana aliowafundisha kuitikia ukweli hata kama unachelewesha safari. "Hapana. Sikuwa natania."

Akakaa chini, pale pale mlangoni, kwenye maji.

Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kubeba. Aliyeguna alijijua, aliyecheka alijijua. Mficha maradhi, kifo humfichua, lakini safari hii maradhi yalikuwa ya kundi zima na kitanda kilikuwa cha mtu mmoja.

"Nilifikiri atatokea tu," Kiranja aliendelea, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nilifikiri nikishavuka, akitokea, tutamrushia kamba. Kiongozi akapanda. Nikasema nitamwambia pale juu. Pale juu nikasema nitamwambia tukifika. Tulipofika, watu wakauliza, na nilikuwa nimeshasema tupo."

"Shangazi yako yuko hapa," alisema Inspekta. "Amesikia. Lakini kusikia si kuambiwa."

Kiranja aligeuka. Blanketi likamwanguka, hakuliokota.

"Shangazi. Nilimwacha."

Mama yule alikuwa anaikunja ile sweta. Akaikunja mara mbili, mikono ndani, vizuri, kama ya kuweka kabatini. Watu walingoja apige kelele. Wengine, nadhani, waliiomba hiyo kelele ije iwaokoe.

"Umekula, baba?" aliuliza.

"Hapana, shangazi."

"Mpeni chai," alisema bila kumwangalia mtu. Akaenda dirishani, akawapa mgongo.

Wakangoja. Inspekta alisimama kando ya redio. Koplo aliongeza kuni jikoni, akapuliza hadi macho yakawa mekundu. Chiriku alishona koti lake la manjano, uzi ukikatika kila mara. Kikombe cha chai cha Kiranja kilipoa mikononi mwake, juu kikafanya ngozi. Nje, mwanga ulikuwa unakunjwa kidogo kidogo.

Redio ikakoroma.

"Askari wa lango hapa. Tumempata. Mzima. Mguu umevunjika, baridi imemkamata, lakini anaongea. Tunamfunga mablanketi."

Chumba kizima kilitoa pumzi. Mama wa Kobe alikaa kitako sakafuni, sweta usoni. Koplo alimpiga Kiongozi begani, akaona hakujibu, akaondoa mkono.

Inspekta peke yake alikuwa bado amekunja uso. "Mmempata sehemu gani?"

"Chini mtoni, afande. Mbali kidogo na kivuko, kwenye mawe, kule maji yanakoelekea. Tumesikia kelele zake ndiyo tukashuka."

"Huko chini hakuna njia. Alikuwa anafanya nini?"

"Muulize mwenyewe, afande. Hataki kunyamaza. Huyu hapa."

Redio ikapita mkono hadi mkono huko upande wa pili, upepo ukavuma ndani yake, kisha ikaja sauti ya kijana, meno yakigongana.

"Mmempata?"

Mama yake aliinuka akaikimbilia redio. "Mwanangu! Ni mimi mama. Tumpate nani? Wewe ndiye uliyepotea!"

"Kaka, mama. Kiranja. Nilifika mtoni nikakuta hayupo, kamba haipo, nimeita hakuna mtu. Nikajua maji yamemchukua, maana asingeniacha. Nikashuka kumtafuta kwenye mawe, nikateleza. Nimeita mpaka sauti imeisha. Waambie hawa wasinibebe kwanza, washuke kule chini, bado sijafika kule chini."

Mama aliishusha redio taratibu, akamtazama mtoto wa kaka yake, kwa mara ya kwanza tangu alipomuuliza kama amekula. Akampa.

"Mjibu," alisema Inspekta.

Kiranja aliipokea. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Vijana wote walikuwa wameinamisha vichwa, na upande wa pili wa mto ile sauti iliyokauka ikaendelea kuuliza.

"Mmempata? Jamani, semeni basi. Mmempata?"